Kitabu cha Mkalimani Hakifutwi

Ilani ilikuwa juu kabisa ya ukurasa, ndani ya kisanduku cha rangi ya chungwa: Makala hii imependekezwa kufutwa. Niliiona Jumanne asubuhi nikiwa dukani kwangu mjini Arua, katikati ya kumchapia mteja mmoja barua ya kuomba kazi. Mteja alikuwa amekaa pembeni yangu akisubiri. Aliniuliza kama kompyuta imeharibika, kwa jinsi nilivyoikodolea macho.

“Haijaharibika,” nikamwambia. “Kuna watu wanaotaka kufuta kitu wasichokijua.”

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mmoja wa wahariri wa kujitolea wa kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiswahili. Hakuna anayetulipa. Tunaandika makala, tunasahihisha za wenzetu, na makala ikitiliwa shaka tunajadiliana kwa siku saba kama ibaki au iondoke. Wengi wa wenzangu wako pwani na katika miji mikubwa ya nchi jirani. Huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nijuavyo mimi, niko peke yangu.

Makala yenyewe ilihusu kitabu cha falsafa kiitwacho Mutu Iko Wapi. Sikuianzisha mimi. Iliandikwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, mistari sita tu, kisha akapotea. Lakini kitabu nilikijua. Aliyekiandika ni mama mmoja wa Koboko aliyefanya kazi ya ukalimani mahakamani mpaka akastaafu. Kutwa alisimama kati ya hakimu na watu, akichukua maneno ya Kikakwa, Kilugbara na Kiswahili chetu na kuyapeleka kwenye Kiingereza, kisha akiyarudisha. Alipostaafu alirudi shambani kwake Abuku, akaandika yale aliyokuwa akiyafikiria miaka yote hiyo.

Nilikijua kwa sababu nilikichapa mimi. Wakati huo sikuwa na duka. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka la mwingine kuchapa kazi za watu. Mama alikuja Arua kila wiki na madaftari yake, akakaa karibu nami, akawa ananisomea huku nikichapa. Kila nilipoandika “mtu” badala ya “mutu”, aligonga meza kwa kidole.

“Rudisha,” alisema. “Mimi hapana sema hivyo.”

“Lakini Mama, shuleni tulifundishwa…”

“Shule iko yako. Kitabu iko yangu. Rudisha.”

Nikarudisha. Tulipofika sura ya tatu nilikuwa nimeacha kuchapa kama mashine, nilikuwa nasikiliza. Katika sura hiyo anasimulia kisa cha shahidi mmoja aliyeulizwa na hakimu alikuwa wapi siku ya tukio. Shahidi akajibu, “Mimi iko.” Basi. Hakimu akamgeukia mkalimani. Na mkalimani, anaandika, akakosa la kusema, kwa sababu Kiingereza kilimtaka achague: huyu anasema yupo duniani, au anasema alikuwa pale? Hakimu hakusubiri. Akaandika kwamba shahidi hakujibu swali. Kutoka hapo Mama anajenga hoja yake yote. Anasema katika maneno yetu hakuna kuwa kwa bure. Mutu iko na watu, ama iko na kazi, ama iko na shida. Ukimwondolea vyote hivyo, hujui tena unasema nini ukisema kwamba iko.

Sasa nilisoma majadiliano. Watu saba walikuwa wameshatoa maoni. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kukisikia kitabu hicho. Mwingine alisema kimetolewa na duka la uchapaji, si na mchapishaji anayejulikana. Wa tatu aliandika mstari mmoja ambao niliusoma mara nne: “Hiki hata si Kiswahili, ni Kiswahili kilichovunjika, futa.” Wengine waliandika “Futa” bila sababu.

Nikauliza: “Kuna yeyote kati yenu aliyekisoma?”

Jibu lilikuja baada ya saa moja, kutoka kwa mmoja wa hao saba, mhariri mzee katika kazi hii, mtu ninayemheshimu kwa jinsi anavyonisahihisha bila kunidharau. “Dada,” aliandika, “hatupimi kama kitabu ni kizuri. Tunauliza kama watu wengine, wasiohusiana na mwandishi, wameandika juu yake kwa kina mahali palipochapishwa. Tuonyeshe vyanzo viwili tu. Je, wewe unahusika nacho?”

Ningeweza kunyamaza. Nikaandika kwamba nilikichapa mimi, neno kwa neno, na kwamba mwandishi namfahamu. Mara moja yule wa Kiswahili kilichovunjika akarukia: basi maoni yangu yasihesabiwe, kwa kuwa nina maslahi.

Kati ya watu wote waliokuwa wakijadili kitabu, mimi peke yangu ndiye niliyekisoma, na kwa sababu hiyohiyo nikawa mtu wa kutohesabiwa. Niliandika: “Msinihesabu, sawa. Lakini siondoki hapa. Nipeni siku zangu saba.”

Lazima niseme ukweli: kanuni yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Nimeitumia mimi mwenyewe. Nimefuta makala za wahubiri waliojiandikia kwamba wamefufua wafu, na ya bwana mmoja aliyejiita mfalme wa saruji. Bila kanuni ile tungekuwa ubao wa matangazo. Kilichoniuma ni watu kutumia kanuni nzuri kama ufagio, bila hata kuinama kuona wanachofagia.

Mchana akaja dukani mtangazaji mmoja wa redio, mteja wangu wa siku nyingi, nikamweleza. Akacheka. “Vyanzo tu? Nina tovuti yangu. Kabla ya saa kumi nitakuwa nimekuandikia makala tatu. Za majina matatu tofauti.”

“Umesoma kitabu?”

“Utanieleza kwa kifupi.”

Nikamwambia hapana. Akashangaa, akasema najinyima msaada kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia nikiingiza uongo ili kitabu kibaki, nitakuwa nimewapa wale saba haki yao yote. Aliondoka akisema mimi ni mgumu kama muhogo wa mwaka jana, na nadhani alikusudia kunitukana, ila nilifurahi.

Kesho yake nilifunga duka nikaenda Koboko.

Mama nilimkuta nyumbani kwake Abuku, anaanika muhogo juu ya mkeka. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, mtandio bado kichwani. Alinikalisha, akanipa maji, akaniletea ugali na mboga ya kunde yenye simsim, na hakutaka kusikia neno lolote mpaka nimalize kula. Kisha nikamweleza. Nilidhani atakasirika. Aligeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja.

“Hiyo watu wanasema kitabu yangu haiko?”

“Hawasemi hakipo, Mama. Wanasema hakistahili ukurasa.”

“Wamesoma?”

“Hapana.”

“Basi wewe unaombaomba nini? Mimi hapana tuma mutu kuniombea.”

“Siombi,” nikasema, na sauti yangu ilipanda kuliko adabu inavyoruhusu mbele ya mtu wa umri wake. “Nimekuja kutafuta karatasi. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuandika juu ya kitabu hiki? Awe amekisifu au amekiponda, kwangu ni sawa. Ila asiwe ndugu yako wala rafiki yako.”

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. “Kama unataka mutu haiko rafiki yangu, nenda Midia. Iko mwalimu moja kule, mutu ya Congo. Yeye alinitukana kurasa kumi na mbili.”

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Mama alinieleza kwamba mwalimu huyo alifundisha shule ya Biblia upande wa Congo, akakimbia vita, akavuka mpaka na kukaa Midia. Kitabu kilipotoka alikisoma, akaandika majibu marefu katika gazeti la kanisa lake linalochapishwa ng’ambo ya mpaka. Tangu hapo, Mama akimwona sokoni Koboko, anabadilisha njia.

“Nimwambie umenituma?” nikauliza.

“Mwambie bado mimi iko,” akasema.

Mwalimu aliishi karibu kabisa na mpaka, nyumba ya matofali mabichi yenye mlango wa bluu. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alinikaribisha kwa heshima zote mpaka nilipotaja jina la kitabu. Hapo akakaa wima.

“Ile kitabu iko mubaya,” alisema. “Mubaya kabisa. Mi nimeisoma mara tatu.”

“Mara tatu, Baba?”

“Ya kwanza, sikuamini. Ya pili, nilitafuta makosa. Ya tatu, niliandika.” Akavua miwani. “Sikiliza, mama. Yeye anasema mutu iko kwa sababu iko na watu, iko na mahali. Vizuri. Mi nilivuka hapa na nguo ya mwili tu. Bibi yangu, ule nilioa, alikufa njiani. Hakuna mutu alinijua. Sikuwa na nyumba, sikuwa na kazi, hata jina yangu waliandika vibaya kwenye karatasi. Kwa kitabu yake, siku ile mi sikuwa mutu. Lakini nilikuwa! Mungu aliniona. Na kama Mungu hakuniona, mi mwenyewe nilijiona. Niliona mikono yangu hivi.” Akaniinulia mikono yote miwili.

Nilikuwa nimekibeba kitabu kile kifuani siku mbili kama mtoto mgonjwa, na hapo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha adui yake, nilianza kuona kwamba huenda adui ndiye mwenye haki. Lakini niliona pia kitu kingine: katika safari yangu yote, nilikuwa sijakutana na mtu aliyekichukulia kitabu kwa uzito kama huyu.

Nikamwomba nakala ya majibu yake. Akakataa papo hapo.

“Nikupe ili yeye apate sifa? Hapana. Waache waifute.”

“Baba, unajua sababu zao?”

“Sababu gani? Hoja yake iko dhaifu.”

“Hoja yake hawaijui. Mmoja wao amesema kitabu hiki hakikuandikwa kwa Kiswahili. Amesema ni Kiswahili kilichovunjika.”

Niliona neno lile likiingia.

“Kimevunjika,” akarudia.

“Ndiyo.”

“Na mi niliandika kwa luga gani? Si niliandika kwa hiyohiyo? Kurasa kumi na mbili! Nilihubiri nayo, nilifundisha nayo, nilizika bibi yangu nayo.” Alisimama. “Kwa hiyo na mi sikuandika kitu? Tulipigana bure, mi na ule mama, kwa luga haiko?”

Aliingia ndani. Nikasikia sanduku likiburutwa. Alirudi na bahasha kubwa ya kaki na kuimwaga mezani. Gazeti la kanisa lilikuwamo, majibu yake yote, bila kipande hata kimoja kilichoachwa. Lakini kulikuwa na kingine ambacho sikukitarajia: kitabu cha insha kilichotolewa na chuo kikuu kimoja, na ndani yake sura nzima ya mhadhiri wa falsafa aliyeuchambua ubishi wa mkalimani na mwalimu. Mhadhiri huyo hakumjua yeyote kati yao. Alikuwa ameyapata maandishi yao kwenye maktaba. Mwalimu alikuwa amepigia mistari kila mahali jina lake lilipotajwa.

“Mama anajua kuhusu hiki?” nikauliza.

“Kwa nini nimwambie? Kurasa mbili za mwisho zinamuunga yeye mkono.”

Nilipiga picha kila ukurasa kwa simu, pale mlangoni kwenye mwanga. Wakati wa kuagana nilikumbuka ujumbe. “Amesema nikwambie bado yeye iko.”

Akavaa miwani yake. “Mwambie ajibu ukurasa wa saba,” akasema. “Hajawahi kujibu ukurasa wa saba.”

Ijumaa niliweka vyanzo vyote viwili mezani, yaani kwenye ukurasa wa majadiliano, kila kimoja na mahali kilipochapishwa na kurasa zake. Sikuomba. Niliandika hivi: “Nyie mlitaka watu wasiohusiana na mwandishi. Wa kwanza anamchukia. Wa pili hajawahi kukutana naye. Sasa someni.”

Yule mhariri mzee alisoma. Najua alisoma kwa sababu aliniuliza swali kuhusu ukurasa wa saba. Kisha akafuta maoni yake ya kwanza na kuandika: “Ibaki. Nilikosea.” Wengine wawili wakamfuata. Mmoja akasema gazeti la kanisa ni dogo mno, nikamjibu kwamba udogo wa gazeti haupunguzi kurasa kumi na mbili, na kwamba sura ya mhadhiri imetoka chuo kikuu, si kanisani. Yule wa Kiswahili kilichovunjika hakubadilika. Akaandika kwamba tukianza kukubali lugha za mipakani, kesho tutakubali kila kitu.

Nilimjibu, na hilo jibu silijutii. Nilimwambia kwamba Kiswahili hiki kilifika huku na askari na wafanyabiashara, kikakuta watu wenye lugha zao, na watu hao hawakungoja mtu wa pwani aje kuwapa ruhusa ya kufikiri nacho. Waliapa nacho mahakamani. Walihukumiwa nacho. Kama kinatosha kumfunga mtu jela, nikaandika, kinatosha kuuliza mtu ni nini.

Siku ya saba mmoja wa wasimamizi wetu, aliyekuwa mwamuzi, alifunga majadiliano. Hakusema tumeshinda. Alisema hakuna makubaliano, kwa hiyo makala inabaki. Nilipiga kelele dukani mpaka fundi wa redio wa jirani akaja kuona kama nimeibiwa.

Vita vidogo viliendelea. Mtu, siwezi kusema ni nani ingawa nadhani najua, aliingiza katika mstari wa kwanza maneno “kwa Kiswahili kibovu”. Nikayaondoa, nikaweka “kwa Kiswahili kinachozungumzwa West Nile”. Akarudisha. Nikaondoa, nikaambatanisha ukurasa wa mhadhiri unaoeleza lugha hiyo. Akarudisha bila chanzo. Safari hii mhariri mzee ndiye aliyeondoa, na tangu hapo hayajarudi.

Nilirudi Abuku na makala imechapwa kwenye karatasi. Mama aliisoma polepole, akitembeza kidole, nami nikimtazama usoni kama mwanafunzi anayengoja alama. Nilikuwa nimeandika kwa haki: sehemu moja inaeleza hoja yake, sehemu nyingine inaeleza pingamizi la mwalimu, sehemu ya tatu mhadhiri.

“Nusu iko ya yule mutu,” alisema mwishowe.

“Ndivyo ilivyo, Mama. Yeye ndiye aliyekusoma.”

Alikunja karatasi. Akaniuliza kama nina picha za ukurasa wa saba kwenye simu. Nilikuwa nazo. Alisoma akiwa amesimama, simu ameiweka karibu na macho, midomo ikisogea. Alipofika kwenye habari ya mke wa mwalimu aliyekufa njiani, aliirudia mistari ile tangu mwanzo.

“Hii sikujua,” akasema. “Nilisoma mwanzo tu, nikatupa. Nilikasirika.”

Kumbe hata yeye. Nilitaka kumwambia kitu kikali, kisha nikaona hakihitajiki. Aliniuliza Midia ni mlango gani. Nikamwambia wa bluu. Walikutana au hawakukutana, sijui. Hakuna aliyenieleza na sikuuliza.

Ninachojua ni yaliyonipata mimi. Habari zilienea mjini kwamba kuna mama mwenye duka anayeweza kukuingiza kwenye kamusi elezo. Haikuchukua mwezi, tajiri mmoja wa Arua, mwenye malori na hoteli, akaniletea kitabu chake kuhusu falsafa ya mafanikio, jalada linang’aa, picha yake mbele na nyuma. Alikuja mwenyewe. Alisema ametoa kazi kwa watu wengi wa mji huu, na kwamba mimi kama mtoto wa nyumbani nisimwangushe kama wale wa pwani.

“Nani ameandika juu yake?” nikamuuliza.

“Kila mtu anakijua.”

“Nani ameandika juu yake, mzee?”

Wiki iliyofuata mtu wake aliianzisha makala, na ikapendekezwa kufutwa kesho yake. Watu wa Dadamu, pembeni mwa mji, ambao tajiri aliwajengea kisima, walinipigia simu kunitaka niitetee. Mchungaji wangu alinisimamisha baada ya ibada kwa jambo hilohilo. Nilitafuta vyanzo kwa bidii ileile niliyomtafutia Mama. Nilipiga simu vyuoni, kwenye magazeti, kwenye maktaba. Sikupata hata kimoja. Tajiri yule hanisalimii siku hizi, na wapo wanaosema nimewauza watu wangu.

Waseme. Nilikisoma chote, kurasa mia mbili na kumi, pamoja na shukrani za mwisho. Ndipo nikaandika: Futa.